Thunderbird kwa ofisi zetu za Mtwara: inafaa, ila ipange siku ile ile ya kwanza kabla haijala bando

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma marefu. Kama kazi yako inaingia kwa imeili, una anwani zaidi ya moja, na netiweki yako ni ile ya asubuhi ipo mchana haipo, weka Thunderbird, programu ya imeili ya kwenye kompyuta, ni bure, na sio bure ile ya siku thelathini halafu wakuambie lete kadi ya benki. Kama una Gmail moja tu ya kupokelea namba za uthibitisho za kufungulia akaunti huku na kule, baki na simu yako, utajaza laptopu tu.

Naongea kama mtu wa ofisi. Tupo Mtwara mjini, kazi zetu ni uwakala wa forodha, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa msimu wa korosho unakuwaje. Kuanzia Oktoba minada ikishaanza na mzigo ukianza kusogea bandarini, imeili zinaingia mpaka unachoka, invoisi, orodha ya mzigo, rasimu ya BL (hati ya mzigo wa meli) ambayo mteja anairudisha tena sababu jina la mpokeaji limekosewa herufi moja, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na barua za Bodi ya Korosho ambao makao makuu yao yako hapa hapa. Na haziingii sehemu moja, kuna anwani ya ofisi, kuna ile ya nyaraka, kuna Gmail ya bosi ambayo wateja wake wa zamani wamegoma kuiacha. Kwenye brauza hiyo maana yake tabo juu ya tabo, ingia toka ingia toka, na netiweki ikikatika hata ile barua ya jana huioni.

Sasa Thunderbird ni nini hasa. Ni programu ya kusomea na kuandikia imeili, inakaa kwenye kompyuta yako. Haikupi anwani mpya. Hili nalikazia maana karibu kila ninaemwambia anauliza "sasa nikajisajili wapi?" Hujisajili popote kaka, unaingiza hizo hizo anwani ulizonazo, zote zinakaa upande wa kushoto moja chini ya nyingine, basi. Ni ya Mozilla, hawa hawa wa Firefox, toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2004 kwa hiyo sio kitu cha jana. Mwaka 2012 Mozilla walitangaza kupunguza nguvu na watu wengi wakajua ndo imekufa, ila watumiaji wakaishikilia, na toka 2020 ipo chini ya MZLA Technologies ambayo ni kampuni tanzu ya Mozilla Foundation, na inaendeshwa kwa michango ya wanaoitumia. Ni programu ya chanzo huria, maana yake msimbo wake upo wazi, anaejua kuusoma anaukagua, hakuna matangazo yanayoingizwa katikati ya barua zako. Mara moja moja inafungua ukurasa kuomba mchango, unafunga unaendelea na yako, au unachangia kama mfuko unaruhusu. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya "leseni ya Thunderbird" ujue hiyo leseni kaitunga mwenyewe, mlipe muda wake na nauli ya bodaboda, leseni hapana.

Kuipata, nenda thunderbird.net, ishushe pale. Sio ile ya kwenye flashi ya mtu, flashi za mjini hapa zinazunguka na virusi vyake. Angalia na kompyuta yenyewe, matoleo ya sasa yanataka Windows 10 kwenda mbele, toleo la 115 ndo lilikuwa la mwisho kukubali Windows 7 na 8, na najua hizi laptopu zetu za mtumba zenye Windows 7 bado zipo nyingi tu. Mwenye laptopu ya hivyo afikirie kuweka Linux Mint, Thunderbird inakuja ndani yake tayari.

Kuingiza akaunti ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Inakuuliza jina lako, anwani, paswedi, halafu yenyewe inatafuta setingi. Kwa Gmail inakufungulia dirisha la Google, unaingia humo humo kama kawaida yako, unaruhusu, kwisha. Usihangaike kuilazimisha ikubali paswedi kavu, Google walifunga njia hiyo 2022 na haitakubali hata uiandike kwa herufi za dhahabu. Kwa anwani ya ofisi, hizi za jina la kampuni, wakati mwingine inapatia yenyewe wakati mwingine inakwama, ikikwama muulize anaewahifadhia hiyo domeini vitu vitatu tu, jina la seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza barua) ya kupokelea, jina la seva ya kutuma, na kama jina la kuingilia ni anwani nzima au kipande. Namba za milango (port) mara nyingi ni hizi hizi, kupokea kwa IMAP ni 993, kutuma ni 465 au 587. Jina la seva lenyewe ndo watu wanalokosea, wanaandika la tovuti ya kampuni, wakati barua zinakaa sehemu nyingine kabisa.

Hapo kuna mahali pa kuchagua njia ya kupokelea barua, IMAP au POP, na hapa tulia kidogo. Chagua IMAP. POP ni kama kwenda kwenye sanduku la posta na kikapu, ukibeba umebeba, mwenzako akija anakuta sanduku tupu. IMAP barua zinabaki kwenye seva na wewe unakuwa na nakala, ukisoma kwenye laptopu na simu inajua imesomwa. Thunderbird ukiiwekea POP inakuja na setingi ya kuacha barua kwenye seva kwa siku 14, zikipita inazifuta kule, inabaki nakala ya kwako tu. Kuna ofisi moja hapa mjini waliwekewa hivyo na fundi akaondoka zake, laptopu ilipokufa diski wakagundua hakuna barua popote, si kwenye seva si kwenye simu. POP inafaa kama seva yako ina nafasi ndogo sana na unajua unachofanya, zaidi ya hapo achana nayo.

Haya, bando. Hapa ndo pa kukaa napo.

Thunderbird ukishaingiza akaunti ya IMAP haisubiri, inaanza kushusha barua zote kwenye kila folda ili uwe nazo hata bila mtandao. Kwa mtu wa Ulaya mwenye faiba ni jambo jema. Kwa mtu anaetumia hotispoti ya simu Chikongola na bando la wiki, Gmail yenye miaka kumi ndani ni msiba, maana Gmail ya bure inabeba mpaka GB 15 (hizo zinagawana na picha na Drive, ila umenielewa). Na Gmail ina kituko kingine, kuna folda inaitwa "All Mail" ambayo ina kila kitu kilichopo kwenye zile folda nyingine, kwa hiyo barua ile ile unaweza kuishusha mara mbili bila kujua.

Dawa yake ni hii, ukishamaliza tu kuingiza akaunti, kabla hata hujafurahi, angalia kona ya chini kushoto kabisa ya dirisha kuna kialama kidogo cha mtandao, kibonyeze, programu inakwenda ofulaini na inaacha kushusha. Sasa una amani. Bonyeza jina la akaunti kwa kitufe cha kulia, fungua setingi, tafuta ukurasa wa "Synchronization & Storage". Pale juu unaweza kuchagua folda zipi zishuke na zipi zisishuke, ondoa alama kwenye All Mail, ondoa Spam, ondoa folda zozote za zamani ambazo hata hukumbuki zilitoka wapi. Chini yake kuna kuchagua barua za siku ngapi za karibuni zishuke, weka siku 30 au miezi kadhaa kulingana na kazi yako. Zile za zamani bado utaona vichwa vyake, na ukiifungua moja ndo inashuka hiyo moja. Kuna na kikomo cha ukubwa, kwamba barua inayozidi KB kadhaa isishuke mpaka uifungue. Hiki kitumie kwa akili. Kwenye Gmail ya bosi kiweke kidogo tu, maana humo kuna video za harusi na kalenda za kila mwaka mpya. Kwenye anwani ya nyaraka usikiweke kabisa, sababu zile skani za BL ndo unazitaka ziwepo hata mtandao ukifa, ukiweka kikomo utabaki na kichwa cha barua tu, barua yenyewe na kiambatisho chake huna.

Na kwenye ukurasa huo huo, chini kabisa, kuna sehemu ya kuokoa nafasi ya diski kwa kufuta barua za zamani. Usiguse. Soma maandishi yake vizuri, inafuta ya kwako na ile ya kwenye seva, zote mbili, moja kwa moja. Inakuja ikiwa imezimwa, iache imezimwa. Mtu anaetafuta nafasi kwenye diski anaiona hiyo anadhani kapata mkombozi.

Ukimaliza rudi kwenye ile kona, bonyeza tena, inarudi hewani na inashusha kwa adabu.

Faida yake sasa. Mei 12 mwaka 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha, nadhani kila mtu anaikumbuka ile wiki. Aliekuwa anasomea imeili kwenye brauza alikuwa anaangalia kiduara kinazunguka. Aliekuwa na barua zake kwenye laptopu alifungua invoisi, akapiga simu kwa mteja akamsomea namba, akaandika majibu yakasubiri kwenye Outbox. Na wala haihitaji nyaya za baharini kukatika, mvua tu ikinyesha vizuri au umeme ukikatika mtaa mzima na mnara nao ukachoka, hali ni ile ile. Au upo kwenye basi la Dar, ukishaipita Lindi unaelekea Nangurukuru netiweki inakuja inaondoka, unaandika zako majibu yote kwa utulivu, ukirudi hewani inakuuliza nitume zile zilizosubiri? Unasema ndio, zinaondoka zote. Kwa mimi hiki kitu peke yake kinatosha kuitetea programu nzima.

Kutafuta barua kuna sura mbili. Kuna kile kichujio cha haraka juu ya orodha, unaandika jina la meli au namba ya kontena na orodha inapungua hapo hapo, safi sana, kinafanya kazi hata ofulaini. Halafu kuna utafutaji mkubwa wa juu kabisa unaopekua akaunti zote, huo unakufungulia tabo mpya yenye grafu na vichujio pembeni, sijui nani aliomba grafu, mie nataka barua moja ya mwezi wa kumi na mbili. Natumia cha haraka.

Filta nazo ni tamu kwa kazi zetu. Unaiambia barua yoyote kutoka anwani fulani au yenye neno fulani kwenye kichwa iende folda yake. Msimu ukiisha una folda ya kila mteja imejipanga. Angalizo, filta zinafanya kazi Thunderbird ikiwa imefunguliwa, ukiifunga mwisho wa wiki barua zitakaa kwenye inboksi mpaka ufungue Jumatatu. Na kuna alama za rangi, ukiwa juu ya barua bonyeza tu 1 mpaka 5 kwenye kibodi, moja inakuwa nyekundu ya muhimu, nne bluu ya kazi za kufanya. Dada wa mapokezi kwetu ndo kazipenda hizi kuliko wote, asubuhi anapitisha rangi kwenye barua zote halafu ananiambia "za bluu zako kaka, nyekundu mpelekee mzee," na kazi inaanza bila kikao.

Kuhusu usalama nitataja ile inayogusa pesa. Biashara za kusafirisha mzigo zinaandamwa na matapeli wa invoisi, anaiga jina la mteja au la muuzaji, anakutumia invoisi ile ile ila akaunti ya benki imebadilika, na anwani yake imetofautiana na ya kweli kwa herufi moja. Thunderbird kwenye sehemu ya juu ya barua ina uwezo wa kuonyesha anwani nzima ya mtumaji na sio jina tu, bonyeza pale kwenye mipangilio ya kichwa cha barua, weka ionyeshe anwani kamili kila wakati. Dakika moja hiyo. Kwenye simu nyingi unaona jina tu, na jina mtu yeyote anaweza kuandika. Pia haifungui picha za nje za barua mpaka uiruhusu, ambayo inawanyima watumaji kujua umefungua saa ngapi, na inaokoa bando, nzi wawili kofi moja. Uwezo wa kufunga barua kwa OpenPGP, asiisome mwingine zaidi ya mlengwa, nao umo ndani toka toleo la 78 la 2020, ila kusema kweli sijakutana na mteja wa korosho anaetaka barua iliyofungwa, wao wanataka WhatsApp.

Halafu weka ile wanayoita "Primary Password", paswedi kuu inayolinda paswedi zako nyingine zilizohifadhiwa humo. Usipoweka, yeyote anaekaa kwenye laptopu yako anaweza kuingia kwenye setingi akasoma paswedi zilizohifadhiwa, wazi kabisa. Ofisi zetu laptopu moja wanakaa watu wanne, sasa jiulize.

Yasiyonifurahisha. Mwonekano walibadilisha sana kwenye 115 mwaka 2023, walioizoea ya zamani walilalamika, mie nauona mzuri ila ule mtindo wa kadi unaonyesha barua chache kwa skrini ndogo, nimerudisha mtindo wa jedwali, na unarudi kwa kubonyeza mara mbili tatu tu. Kufuta barua hakupunguzi ukubwa wa faili kwenye diski mpaka folda zibanwe, kuna kitu kinaitwa "Compact Folders", na ikikuuliza kubali, wengi wanaogopa wanabonyeza hapana kila siku halafu diski inajaa wanashangaa. Ikianza kufunguka kwenye mashine yenye RAM ndogo inavuta pumzi kwanza. Na setingi ni nyingi mno, kuna ukurasa wa setingi za jumla, kuna za akaunti, kuna za seva, mgeni anazunguka humo mpaka anasahau alikuwa anatafuta nini. Kalenda imo ndani na ni nzuri, ila ofisi yetu tarehe za meli bado zinaandikwa kwenye ubao, na ubao haukatiki umeme.

Ya simu ipo pia, ya Android ilitoka Oktoba 2024, imetokana na K-9 Mail ambayo walijiunga nayo 2022. Kwenye matoleo mapya ya kompyuta kuna sehemu ya kuhamishia akaunti kwenda kwenye simu, inatoa msimbo wa QR unaupiga kwa kamera na setingi zote zinaingia, Gmail itakutaka uingie tena kwa Google lakini zile za ofisi zenye majina ya seva marefu hutaandika upya kwa vidole. Kwenye simu ni nyepesi. Sijaona inashinda Gmail yenyewe kama una Gmail tu, ila ukichanganya na za ofisi inashinda.

Bekapu. Kila kitu chako kimo kwenye folda moja inaitwa profaili. Menyu ya msaada, chini ya taarifa za matatizo, kuna kitufe cha kuifungua. Funga programu, kopi folda nzima kwenye diski ya nje, umemaliza, ukinunua laptopu nyingine unairudisha na filta zako, rangi zako, akaunti zako vyote vinakuja. Kuna na njia ya menyu ya kuhamisha nje, ila ile inakubali profaili ndogo tu, ikizidi GB 2 inakataa na kukuambia ukopi kwa mkono, kwa hiyo jizoeze kukopi toka mwanzo. Fanya mwisho wa msimu, na fanya kabla ya kumpa fundi laptopu aipige Windows upya, maana fundi akiulizwa atasema "vitu vya deskitopu nimekutunzia bosi," na profaili haikai deskitopu.

Kwa wale wanaotumia kompyuta za steshenari pale karibu na stendi au ya rafiki, hii sio yenu. Usiingize akaunti yako kwenye Thunderbird ya mashine ya watu, nakala za barua zitabaki humo hata ukiondoka. Tumia brauza, dirisha la siri, ukimaliza toka.